Finch: meli ya Marekani iliyozama mara mbili

Katika orodha ya meli ambazo Jeshi la Wanamaji la Marekani lilizipoteza kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia imo meli ndogo iitwayo Finch, iliyozama Aprili 1942 penye mlango wa ghuba ya Manila, Ufilipino. Katika orodha ya meli ambazo Japani ilizipoteza kwenye vita hivyo hivyo imo Meli ya Doria Namba 103, iliyozamishwa na ndege za Marekani tarehe 12 Januari 1945 katika pwani ya nchi ambayo leo ni Vietnam. Anayezisoma orodha hizo moja moja atahesabu meli mbili. Chuma ni kile kile.

Wengi wanaoanza kusoma historia ya vita vya baharini hukwama hapa, na si ajabu. Hadithi za meli zilizotekwa huchanganya mambo matatu yanayostahili kutenganishwa: sheria inayosema meli ni ya nani, ufundi wa kuifufua meli iliyokwisha kuzama, na shida iliyomfanya mtekaji aitake meli hiyo. Kwa maoni yangu hilo la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo husahaulika. Watu huona bendera ikibadilishwa wakadhani ni majigambo ya mshindi. Finch haikuwa na kitu cha kujigambia. Ilikuwa meli ya miaka 24, fupi, nzito, isiyo na kasi. Mwaka huo wa 1942 Japani ilikuwa na Yamato, manowari kubwa kuliko zote duniani. Kama mafundi wake walihangaika karibu mwaka mzima na meli kama Finch, basi kulikuwa na pengo mahali fulani.

Tuanze na kazi iliyoundiwa. Finch ilishushwa majini New York mwaka 1918, ikiwa moja ya kundi la meli za kutegua mabomu ya baharini ambazo zote zilipewa majina ya ndege wa porini na wa majini: Heron, Quail, Penguin, Pigeon na wenzao wengi. Urefu wake ulikuwa mita 57 hivi, uzito wake tani 840, na injini yake ya mvuke iliisukuma kwa maili 14 za baharini kwa saa pale ilipokuwa safi na yenye nguvu zote. Silaha zake zilikuwa mizinga miwili midogo.

Bomu la baharini la wakati ule lilikuwa tufe la chuma lenye baruti ndani, likielea chini kidogo ya uso wa maji na kushikiliwa na waya uliofungwa kwenye uzito uliolala sakafuni mwa bahari. Ili kuliondoa, meli mbili zilikwenda sambamba zikiburuta kati yao waya mmoja mrefu. Waya huo ulikutana na waya wa bomu, ukaukata, bomu likaibuka juu, na mabaharia wakalipiga risasi mpaka likalipuka au likajaa maji na kuzama. Ni kazi ya kwenda polepole, kwa mistari iliyonyooka, siku baada ya siku, huku kila baharia akijua kwamba bomu linaweza kuwa chini ya meli yake mwenyewe kabla halijakutana na waya.

Hatari hiyo Finch iliionja mapema. Mwaka 1918 Marekani na Uingereza zilitega mabomu zaidi ya 70,000 kati ya visiwa vya Orkney na pwani ya Norwei ili kuzizuia nyambizi za Wajerumani zisitoke kwenda Atlantiki. Mengi yalikuwa ya Kimarekani, na hayo yalikuwa na ujanja wake: juu ya kila bomu ulielea waya mrefu wa shaba. Chuma cha meli kilipoigusa shaba ndani ya maji ya chumvi, mkondo mdogo wa umeme ulizaliwa na kuliwasha bomu. Kwa nyambizi huo ulikuwa mtego mzuri. Vita vilipokwisha ukawa mtego kwa wale waliotumwa kuutegua, kwa sababu meli zao nazo zilikuwa za chuma. Wahandisi ilibidi wabuni namna ya kupitisha umeme kwenye maji ili kuubatilisha ule mkondo, ndipo mwaka 1919 kundi la meli za Marekani, Finch ikiwemo, likafanya kazi kutoka Kirkwall, Scotland, hadi njia zikawa wazi. Watu walikufa katika kazi hiyo, miezi kadhaa baada ya amani kutangazwa.

Sasa tazama kilichobaki ukiondoa ule waya wa kuburuta. Inabaki meli yenye winchi kubwa, nguvu nyingi za kuvuta kuliko umbo lake linavyoonyesha, shetri (sehemu ya nyuma ya meli) pana iliyo karibu na maji, na mwili wa kustahimili bahari chafu. Ndiyo maana meli za kundi hili ziliishia kufanya kila kitu: kuvuta meli zilizokwama, kuhudumia ndege za baharini, kuokoa nyambizi zilizozama, kusindikiza nyingine. Meli ya kutegua mabomu ni meli ya kazi, na meli ya kazi ina faida kwa yeyote anayeishika. Kwa mtekaji, manowari kubwa ya kigeni ni mzigo: mizinga inataka risasi za kipimo chake, mitambo inataka vipuri ambavyo adui ndiye anavitengeneza, na wanaoiendesha ni mamia ya watu wa kufundishwa upya. Winchi, boila na injini ya mvuke vya Finch, fundi yeyote mzuri wa bandarini angevielewa kwa kuvitazama.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 Finch ilihudumu katika kikosi cha Marekani cha Asia, ikizunguka kati ya pwani ya China na Manila. Mwishoni mwa Novemba 1941 ilisindikiza boti mbili za mizinga, Luzon na Oahu, zilizokuwa zikihamishwa kutoka Shanghai kwenda Ufilipino. Zilikuwa boti za mtoni, na bahari iliwatesa. Ndege za Japani ziliwazunguka katika mlangobahari wa Taiwan, na safari moja walijikuta katikati ya meli za Japani zilizokuwa zikienda mahali ambako wao hawakujua. Walifika Manila siku chache kabla Japani haijaishambulia kambi ya wanamaji ya Marekani ya Pearl Harbor na kuanzisha vita. Finch ilikuwa ikitengenezwa majeraha ya kimbunga habari za vita zilipoingia.

Miezi minne iliyofuata ilikuwa ya kubanwa. Jeshi la Marekani na la Ufilipino lilirudi nyuma hadi rasi ya Bataan na kisiwa cha Corregidor kinachoziba mlango wa ghuba. Meli za kutegua mabomu zilikuwa na kazi ya kulinda na kusafisha njia za maji kuzunguka kisiwa, na zilifanya hivyo chini ya mabomu ya ndege, mafuta yakipungua na chakula kikipunguzwa. Tarehe 9 Aprili 1942 Bataan ilisalimu amri. Kuanzia hapo ndege na mizinga ya Japani ilikuwa na shabaha moja tu iliyobaki. Siku hiyo hiyo bomu lilianguka karibu na Finch ilipokuwa imetia nanga upande wa mashariki wa Corregidor. Halikuipiga. Vipande vyake viliutoboa mwili wa meli, na mtikisiko ukafungua maungio ya mabati yake, maji yakaanza kuingia kila upande. Mabaharia wote walishuka salama. Meli iliachwa, na kesho yake ikazama.

Neno "zama" hapa linataka uangalifu, kwa sababu ndilo linaloifungua hadithi nzima. Meli iliyopigwa topido ikakatika vipande viwili kwenye kina cha mita elfu tatu imekwenda moja kwa moja. Finch ilivuja ikalala karibu na nchi kavu, katika maji ambayo mzamiaji anaweza kuyafanyia kazi. Meli ya namna hiyo huopolewa: wazamiaji huziba matundu, pampu huyatoa maji, na mwili wa meli huanza kuelea wenyewe. Wasomaji wa Kigoma hawahitaji kushawishiwa kuhusu hili. MV Liemba ilikuwa Graf von Goetzen ya Wajerumani, waliyoizamisha kwa mikono yao Julai 1916 baada ya kuzipaka injini zake grisi nyingi ili zisile kutu. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Kutu ni adui mkubwa kuliko maji yenyewe, nayo huanza kula kwa kasi pale chuma kilicholowa chumvi kinapokutana na hewa. Anayeopoa meli akichelewa kuitengeneza, ameopoa chuma chakavu.

Wajapani hawakuchelewa sana. Corregidor ilianguka tarehe 6 Mei 1942, na tarehe 1 Aprili 1943 Finch iliingia rasmi katika Jeshi la Wanamaji la Japani ikiitwa Meli ya Doria Namba 103.

Je, hilo lilikuwa wizi? Kwa sheria ya vita, hapana, na tofauti yake ni rahisi kuielewa ukiijua mara moja. Meli ya biashara ikikamatwa na adui, kesi yake hupelekwa mbele ya mahakama maalumu ya ngawira, ambayo huamua kama ilikamatwa kihalali na mali ni ya nani. Meli ya kivita haipitii mahakama yoyote. Inapoangukia mikononi mwa adui inakuwa mali ya serikali yake papo hapo, pamoja na kila kilichomo. Masharti ni kwamba inapopigana iwe na bendera ya mwenye nayo mpya na iendeshwe na wanajeshi wake. Kwenye Ziwa Tanganyika utaratibu huo ulionekana wazi: tarehe 26 Desemba 1915 boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliikamata boti ya mizinga ya Wajerumani Kingani mbele ya Kalemie ya leo. Ilitengenezwa, ikapewa mzinga mkubwa zaidi na jina la Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann, mwenzake wa zamani. Hakuna hakimu aliyeulizwa.

Sheria iliwaruhusu, na ufundi uliwawezesha. Sasa ile shida.

Japani ilikwenda vitani kwa ajili ya mafuta. Marekani iliacha kuiuzia mwaka 1941, na visima vya Sumatra na Borneo vilitekwa mapema mwaka 1942. Lakini kisima cha Palembang hakiendeshi kiwanda cha Osaka mpaka mafuta yapite maelfu ya kilomita za bahari, mbele ya pwani ya Vietnam na kando ya Taiwan. Kila meli ya mafuta iliyopita hapo ilihitaji mlinzi, na makamanda wa Japani, waliofundishwa kuota pambano moja kubwa la manowari, walikuwa hawajawajenga walinzi. Desemba 1941 walikuwa na meli nne tu zilizoundwa mahususi kwa ulinzi wa pwani na misafara kwenye bahari kuu. Nne, kwa himaya iliyotandaa kutoka Kuril hadi Java. Kamandi kuu ya kuiongoza kazi hiyo yote, chini ya Admirali Koshiro Oikawa, haikuanzishwa hadi Novemba 1943, karibu miaka miwili baada ya vita kuanza. Mimi huliona hili kuwa kosa kubwa kuliko kushindwa kokote kwa Japani katika pambano moja la baharini, kwa kuwa manowari zote nyingine zilikunywa mafuta yaliyopita kwenye njia hiyo.

Ukiitazama Finch ukiwa upande huo wa meza, sura yake inabadilika. Maili 14 kwa saa ni kidogo mbele ya manowari za kasi, lakini misafara mingi ya mizigo ilitambaa chini ya hapo. Nyambizi ikiwa chini ya maji ilikuwa polepole zaidi. Ile shetri pana iliyokuwa na vifaa vya kuburuta waya ni mahali pa kuweka mabomu ya kina, yale yanayoangushwa majini ili yalipuke karibu na nyambizi. Na kwa kuwa injini yake haikuwa na ulafi, ingeweza kufuata msafara siku nyingi bila kujaza mafuta.

Finch haikuwa peke yake. Wajapani walikusanya kila walichoweza kukifufua na kukipa namba. Namba 101 ilikuwa Thracian, manowari ya Waingereza iliyotekwa Hong Kong. Namba 102 ilikuwa Stewart ya Wamarekani, iliyoachwa ndani ya chelezo (mahali pa kutengenezea meli) huko Surabaya, kisiwani Java. Namba 107 ilikuwa tagi (meli ya kuvuta nyingine) ya Kimarekani iitwayo Genesee, nayo kutoka Corregidor. Waholanzi nao walichangia kadhaa bila kupenda. Huko Hong Kong kulikuwa na meli za kutegua mabomu za Waingereza zilizokutwa bado zikijengwa mji ulipoanguka Desemba 1941. Mbili kati yake zilimaliziwa na Wajapani mwaka 1944 na kuitwa Namba 101 na Namba 102 za orodha ya meli za kutegua mabomu. Hapo ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa: kuna 101 na 102 mbili, za orodha mbili tofauti, na zote nne zilianza maisha zikiwa za adui.

Namba mpya haikuwadanganya wote. Marubani wa Marekani waliripoti kuona, mbali ndani ya maji ya adui, manowari yenye umbo la Kimarekani. Ilikuwa Stewart, ambayo makao makuu yalikuwa yamekwisha kuiandika kuwa imepotea.

Mabaharia wa Finch hawakupewa nafasi ya pili kama meli yao. Waliposhuka walipewa bunduki na kuungana na walinzi wa Corregidor. Baadhi yao waliishia utekani kisiwa kilipoanguka. Wengine wachache kutoka meli ya jirani walichagua bahari: nahodha wa Quail, John Morrill, na watu wake 17 waliizamisha meli yao wenyewe ili isichukuliwe, kisha wakatoroka kwa mashua ya futi 36 wakasafiri hadi Darwin, Australia, zaidi ya maili 2,000. Tofauti ya meli hizi mbili za kundi moja inafaa kukumbukwa. Quail ilizamishwa kwa makusudi na wenye nayo, na haikuwasaidia Wajapani kwa lolote. Finch iliachwa izame yenyewe, ikaibuka upande wa adui.

Waliobaki mateka Ufilipino waliteseka kambini, na kuanzia mwaka 1942 maelfu ya wafungwa wakasukumwa ndani ya matumbo ya meli za mizigo kwenda Japani kufanyishwa kazi. Meli hizo hazikuwa na alama yoyote kwamba zimebeba wafungwa. Zilisafiri katika misafara ile ile iliyowindwa na nyambizi za Marekani. Arisan Maru ilipopigwa topido tarehe 24 Oktoba 1944, ilikuwa na wafungwa karibu 1,780, wengi wao Wamarekani, na walionusurika walikuwa 9. Anayesoma hesabu za meli zilizozamishwa katika bahari hiyo, na mimi pia nazitumia humu, inampasa akumbuke waliokuwa ndani.

Mwanzoni mwa Januari 1945 Wamarekani walikuwa wanarudi Luzon, kisiwa kikuu cha Ufilipino. Ili kuwafunika, kikosi chao cha meli za kubebea ndege chini ya Admirali William Halsey kilipenya usiku kwenye Bahari ya China Kusini, mahali ambapo hakikuwa kimewahi kuingia tangu vita vianze. Halsey alikuwa akizitafuta manowari mbili, Ise na Hyuga. Hakuzikuta. Alichokikuta tarehe 12 Januari ni misafara iliyokuwa ikikumbatia pwani ya Indochina, ambayo leo ni Vietnam, kwa kuogopa nyambizi. Ukaribu na pwani humsaidia anayeikimbia nyambizi, kwa sababu nyambizi haipendi maji mafupi. Mbele ya ndege hausaidii kitu: meli inakosa nafasi ya kugeuka. Marubani waliruka karibu mara 1,500 siku hiyo na kuzamisha meli 44 za kivita na za biashara, 12 kati yake zikiwa za mafuta.

Meli ya Doria Namba 103 ilikuwa miongoni mwa hizo, karibu na rasi ya Padaran. Mizinga yake michache na kasi yake ya mwaka 1918 havikuwa na jibu kwa ndege za mwaka 1945. Siku hiyo hiyo na pwani hiyo hiyo ilizama pia Namba 101, ile meli ya kutegua mabomu iliyoanzwa na Waingereza Hong Kong. Safari hii hakukuwa na mtu wa kuiopoa Finch: Japani ilikuwa haina tena mafuta, vipuri wala muda.

Zilizonusurika zilirudi kwa wenyewe, kwa sababu kanuni ile ile iliyozihamisha ilifanya kazi kinyume Japani iliposalimu amri. Stewart ilikutwa Japani, ikapandishiwa tena bendera ya Marekani Oktoba 1945, na Mei 1946 ikazamishwa kama shabaha ya mazoezi. Thracian ilirudi kwa Waingereza mwaka 1945, na Namba 102 ya Hong Kong mwaka 1947. Kazi ya asili ya Finch nayo ilirudi kwa nguvu. Kuanzia Machi 1945 ndege kubwa za Marekani za B-29 zilidondosha mabomu ya baharini zaidi ya 12,000 kuzunguka bandari na milangobahari ya Japani, mengi yakiwa ya sumaku au ya kuhisi sauti, ambayo ule waya wa zamani hauyakamati. Jeshi la Wanamaji la Japani lilivunjwa, lakini washindi waliwabakiza mabaharia wake waliojua kutegua mabomu, na watu hao waliendelea kusafisha njia za meli za nchi yao kwa miaka kadhaa baada ya vita.